Dakika Kumi na Moja za Mdhamini

Saa 1:40 asubuhi, Jumanne tarehe 6 Oktoba 2071, malori matatu yalikuwa yameegeshwa kwenye ukumbi wa kupakia wa Kituo cha Nafaka, Mgungani, na milango yake ya nyuma ilikuwa wazi.

Profesa Nyamizi Kasanda aliyaona kutoka dirisha la maabara ya kuvu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameiongoza maabara hiyo. Malori yalikuja kuchukua magunia ya K-9, yaani mtama uliochemshwa na kupandikizwa kuvu asiye na sumu. Mkulima huumwaga shambani mahindi yakifika kiunoni. Kuvu huyo huwahi nafasi kwenye hindi, na kuvu mwenye sumu akifika hukuta pamejaa. Sumu anayoitoa huyo wa pili haina rangi wala harufu ikishaingia kwenye ugali, na huenda moja kwa moja kwenye ini.

Mvua za msimu huo zilitabiriwa kuanza mwishoni mwa mwezi. Zikianza, barabara ya Mgungani hufungwa hadi Aprili. Magunia yangetoka wiki hiyo, au yasingetoka kabisa.

Sekela Mwambungu aliingia saa 1:52 akiwa na chupa ya chai na vikombe viwili. Alikuwa mtafiti msaidizi katika maabara hiyo kwa mwaka wa nne, na mwaka huo ndiye pekee katika Kituo aliyeomba ufadhili wa mafunzo ya utafiti. Mdhamini wake alikuwa Nyamizi.

"Shikamoo, Prof."

"Marahaba. Gari la Baraza?"

"Limeshafika. Fundi anawasha mashine saa nne. Aliniomba soketi yenye umeme usioyumba, nikamwambia hiyo akaitafute nchi nyingine."

Nyamizi hakucheka. Alimwonyesha kiti.

Sekela alimimina chai, akasukuma kikombe kimoja upande wa pili wa meza, kisha akakaa. "Kuna ile Jumatano," alisema.

"Ndiyo."

"Nilidhani ungeitaja wewe kwanza."

"Nilikuwa nasubiri ukae."

Jumatano hiyo ilikuwa tarehe 11 Machi. Walikuwa wakipima kama kuvu wa K-9 hubaki bila sumu joto linapopanda. Visahani kumi na sita vilikuwa vimekaa siku saba kwenye kabati la joto, kwa nyuzi 38. Sekela alivipitisha kimoja kimoja chini ya taa ya urujuanimno. Kumi na tatu vilibaki vyeusi. Vitatu vilitoa duara la bluu ukingoni mwa kuvu, na bluu hiyo chini ya taa hiyo ina maana moja: kuna sumukuvu. Nyamizi aliviangalia, akasema vimechafuliwa na kuvu wa nje. Sekela akasema warudie. Nyamizi akajibu kuwa ripoti inatakiwa Ijumaa. Kwa kanuni za Kituo, kisahani kilichochafuliwa hulazimu kundi zima lirudiwe, kazi ya wiki sita. Kisahani kilichovunjika hakilazimu chochote. Saa 8:31 mchana Sekela aliandika "vilivunjika" kwenye daftari la maabara, akatia sahihi. Nyamizi akatia yake chini yake kama shahidi, na vile vitatu vikaenda kwenye tanuri la taka. Tangu alipoliona duara la kwanza hadi tanuri lilipofungwa zilipita dakika kumi na moja.

"Nilikuambia turudie," Sekela alisema.

"Uliniambia mara mbili. Hilo nalo limo kichwani mwangu, watalisoma."

"Lakini sahihi yangu ndiyo ya kwanza."

"Ndiyo ya kwanza."

"Baraza wakiiona hiyo, wewe watakufanya nini?"

"Onyo la maandishi. Mkuu wa maabara hafutwi mpaka Baraza zima liketi, na halijawahi kuketi kwa jambo hilo."

"Na mimi?"

"Unajua."

"Nataka nikusikie ukisema."

"Ombi litatupwa leo leo," Nyamizi alisema. "Jina lako litaingia kwenye orodha ya waliofungiwa, na halitatoka humo."

Sekela alizungusha kikombe chake bila kukiinua. "Tarehe mbili mwezi ujao nafikisha thelathini. Baada ya hapo hata wakiniita sina sifa. Mama yangu kule Tukuyu kila Jumapili ananiuliza kama bado naosha vyombo vya Waheshimiwa. Namwambia ni vyombo vya kisayansi, Mama. Anasema, vyombo ni vyombo."

Safari hii Nyamizi alitabasamu kidogo.

"Unaweza kuifunga kumbukumbu hiyo," Sekela alisema. "Sheria inaruhusu."

"Inaruhusu. Na nikiifunga hata mimi nitaisahau; ni nani atakayebaki anajua kuhusu vile visahani?"

"Mimi."

"Wewe peke yako."

"Nitasema. Nikishaupata ufadhili, nikishakaa vizuri kule mafunzoni, nitaandika barua nieleze kila kitu. Nakuahidi, Prof."

"Usiniahidi. Ahadi sina kifaa cha kuipimia."

Sekela alikusanya vikombe. Cha Nyamizi kilikuwa bado kimejaa.

*

Barua za udhamini zilifutwa mwaka 2062. Kufikia wakati huo zilikuwa zikiandikwa na mashine na kusomwa na mashine nyingine, na kila mwombaji nchini alikuwa "kijana mwenye bidii ya kipekee". Baraza la Ufadhili wa Watafiti liliamua kuacha kusoma barua na kuanza kumsoma mdhamini. Mdhamini huvishwa kofia, na mashine hupitia kumbukumbu zake zote zinazomhusu mwombaji: alivyoshika pipeti mwaka wa kwanza, alivyojibu alipokosolewa, siku aliyochelewa na sababu aliyoitoa. Mwishoni hutoka alama moja kati ya sifuri na mia. Sabini ndiyo ya kufaulu.

Mdhamini haruhusiwi kuchagua kinachosomwa, isipokuwa kwa jambo moja. Anaweza kufunga kumbukumbu moja isiyozidi dakika kumi na tano, bila kutoa sababu. Kifungu hicho kiliwekwa kwa ajili ya misiba, magonjwa na mambo ya nyumbani. Kwa kuwa mashine haiwezi kuruka kitu kilichopo, kumbukumbu inayofungwa hufutwa kichwani mwa mwenyewe pia.

Saa 2:35 Nyamizi alifungua daftari la maabara kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Alikuwa amekwisha kuyapanga mambo kwa utaratibu. Akiiacha kumbukumbu isomwe, ukweli utajulikana, na atakayeulipia ni yule aliyeomba jaribio lirudiwe. Akikataa kuketi, Sekela hana mdhamini mwingine na hana mwaka mwingine. Akiifunga, Sekela atasomwa kwa miaka minne ya kazi nzuri, lakini mtu wa pili anayejua habari za vile visahani, yaani yeye mwenyewe, atakuwa ameondoka duniani kabla ya chakula cha mchana.

Njia ya nne ilikuwa daftari. Malori yasingeweza kutoka bila yeye kutia sahihi ya kuyaachia saa kumi, na hatii sahihi hiyo bila kusoma kurasa za mwisho. Angeikuta taarifa kwa mwandiko wake mwenyewe. Angezuia mzigo na kurudia jaribio, na kwa kuwa hangekumbuka chochote, hangekuwa na cha kumshtaki Sekela.

Aliandika:

"Katika jaribio la tarehe 11 Machi, visahani namba 14, 15 na 16 havikuvunjika. Vilitoa bluu. Rudia kwa nyuzi 38 kabla ya kuachia mzigo. N.K."

Aliisoma taarifa mara mbili. Aliwaza kuongeza neno "niamini", akaliacha, kwa sababu halikuwa taarifa. Mahali pa sahihi ya shahidi alipaacha wazi. Shahidi yeyote angeuliza swali, na jibu lake lingelifikia Baraza kupitia kichwa cha shahidi huyo siku moja.

Kulikuwa na kanuni iliyosema kwamba mzigo hauzuiwi kwa maandishi yenye sahihi moja. Aliifahamu vizuri. Aliitunga mwenyewe mwaka 2053, baada ya mkuu aliyemtangulia kuzuia mbegu za wilaya nzima kwa ugomvi wake na bwana ghala. Alidhani akifika hapo atatafuta sahihi ya pili, na hakuendelea kuwaza itatoka kwa nani.

*

Fundi wa Baraza aliitwa Yeremia Chilongani. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea mashine ikinguruma, na alikuwa ameiweka mashine yake kwenye chumba cha mikutano, kando ya soketi ambayo plagi yake alikuwa ameifunga kwa utepe wa gundi isichomoke.

"Kasanda," alisema akisoma fomu. "Hili jina la Tabora."

"Urambo."

"Basi wewe mtani wangu, mimi Mgogo wa Bahi. Leo nafungua kichwa cha Mnyamwezi, nione kama mna kitu humo."

"Utakuta mizigo tu. Babu zangu walibeba ya misafara, na babu zako wakawatoza hongo ya njia kila walipopita."

Chilongani alicheka mpaka akalazimika kushika meza. "Na leo umepita tena," alisema huku akimfunga mkanda wa kofia kidevuni. "Hongo yako ni dakika kumi na moja. Umejaza hapa kwamba unafunga. Una hakika, Mama?"

"Nina hakika."

"Sikiliza, nawaambia wote. Haiondoki yenyewe peke yake. Kila ulipoikumbuka, kila ulipoizungumza na mtu, kila ulichokipanga kwa sababu yake, vyote vinafuatana nayo. Ukiamka utajua umefunga kitu. Hutajua ni nini, na ukijikuna huko hutapata kidonda."

"Nimesoma fomu."

"Wote wamesoma fomu. Mwezi wa nane nilimsoma profesa mmoja, hakukumbuka hata jina la kijana anayemdhamini. Chapati za huyo kijana alizikumbuka zote, moja moja. Kijana kapata sabini na tatu." Aligeukia kioo cha mashine. "Haya. Ifikirie hiyo unayoifunga, tangu mwanzo mpaka mwisho, usiruke."

Nyamizi aliifikiria. Taa, duara la kwanza, sauti ya Sekela ikisema turudie, mlango wa tanuri.

Saa 4:26 Chilongani alibonyeza.

"Tayari?" Nyamizi aliuliza. "Unaanza lini kufunga?"

"Nimeshamaliza, mtani."

Usomaji ulichukua saa tatu na dakika kumi. Alipovuliwa kofia, Nyamizi alipewa kipande cha karatasi kilichochapwa, akakisoma akiwa bado kitini. Kilisema kwamba mdhamini aliyefunga kumbukumbu anaweza kukuta maandishi aliyojiandikia kabla ya kufunga. Kwamba watu wanaokaribia kufunga huwa na hofu na majuto, na wengi wao wamejiandikia mambo ambayo hayakutokea. Kwamba mwaka 2064 mwombaji asiye na kosa alifungiwa kutokana na maandishi ya namna hiyo. Na kwamba maandishi yoyote ya aina hiyo yahesabiwe hayajathibitishwa mpaka apatikane shahidi wa pili.

"Kwa nini hamkitoi hiki mapema?"

"Tukikitoa mapema, watu hawafungi," Chilongani alisema akikunja nyaya. "Wasipofunga, nasoma mambo ya vyumbani mwao, na mimi nina watoto wa kulea."

Nyamizi alikikunja mara mbili, akakitia mfukoni mwa koti la maabara.

*

Alama ilitoka saa 8:15 mchana. Ilikuwa themanini na nne.

Sekela aliisoma kwenye kioo cha Chilongani, kisha akaisoma tena. Alijifunika uso kwa viganja vyote viwili na mabega yake yakatikisika. Alipovitoa, alimwendea Nyamizi, akapiga goti nusu kama wanavyofanya kwao, akamshika mkono.

"Ahsante, Mama. Mungu anajua."

"Usinishukuru mimi. Mashine imesoma kilichokuwepo."

Sekela aliinua macho, akamtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Prof, unakumbuka tulichoongea asubuhi?"

Nyamizi alitafuta. Aliona malori. Aliona chupa ya chai. "Habari za soketi," alisema.

"Ndiyo," Sekela alisema. "Habari za soketi."

Saa 10:05 bwana ghala alituma ujumbe kwamba magunia yote yameshapakiwa na madereva wanaomba waondoke kabla ya giza. Nyamizi alikwenda maabara, akafungua daftari kusoma kurasa za mwisho kabla ya kutia sahihi ya kuachia mzigo.

Aliikuta taarifa. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma akiwa ameketi.

Mwandiko ulikuwa wake. Tarehe ilikuwa ya siku hiyo, saa 2:35. Nafasi ya shahidi ilikuwa tupu. Hakukumbuka kuiandika, na alipojaribu kukumbuka visahani namba 14, 15 na 16, hakuona bluu wala vioo vilivyovunjika. Hakuona kitu.

Alirudi nyuma hadi tarehe 11 Machi. Visahani kumi na sita viliingia kwenye kabati la joto. Kumi na tatu vilisomwa. Vitatu: "vilivunjika". Sahihi ya Sekela Mwambungu, na chini yake sahihi ya Nyamizi Kasanda, shahidi. Aliangalia kumbukumbu za tanuri. Tanuri lilipokea visahani vitatu siku hiyo. Halikuandika kama vilikuwa vizima, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulitaka liandike hivyo.

Alitoa kile kipande cha karatasi mfukoni, akakilaza kando ya daftari. Kulikuwa na dhana mbili. Ya kwanza: taarifa ni ya kweli, na yeye alitia sahihi kwenye uongo mwezi wa tatu. Ya pili: taarifa ni ya mtu aliyekuwa karibu kufunga kumbukumbu, mwenye hofu, na mtu wa hali hiyo tayari alikuwa ameelezwa kwenye karatasi iliyo mbele yake. Upande mmoja ulikuwa na sahihi moja isiyo na shahidi. Upande wa pili ulikuwa na sahihi mbili zilizowekwa siku ya tukio lenyewe. Na alijifahamu: katika miaka kumi na tisa hakuwahi kutia sahihi kwenye uongo, kwa kadiri alivyoweza kukumbuka.

Alimwita Sekela.

Sekela alikuja akiwa bado na simu mkononi. Alikuwa akiongea na mama yake, na sauti ya mama ilisikika ikiimba kabla hajaikata.

"Soma hapa," Nyamizi alisema.

Sekela alisoma. Aliweka simu mezani taratibu, kioo kikitazama chini.

"Umeandika lini hii?"

"Leo asubuhi, kwa mujibu wa tarehe. Siikumbuki. Nadhani ndiyo niliyoifunga, au inahusiana nayo. Sahihi yangu peke yake haizuii mzigo. Wewe ulikuwepo tarehe kumi na moja. Shahidi mwingine hakuna."

"Prof..."

"Usikimbilie kujibu. Nataka uelewe kila jibu linaleta nini. Ukitia sahihi hapa, kwenye nafasi ya shahidi, malori yanabaki na tunarudia jaribio wiki sita. Wilaya mbili zitakosa K-9 mwaka huu. Baraza litapata nakala ya ukurasa, kama kawaida. Ikiwa taarifa si ya kweli, naifuta kwa mstari mmoja kama tunavyofuta kosa lolote, na wewe unashuhudia kufutwa kwake. Mimi sina upande. Nahitaji kujua kilichotokea tu."

Nje, dereva mmoja alipiga honi fupi, na mwenzake akamjibu kwa maneno ambayo hayakufika dirishani.

"Huna upande," Sekela alisema.

"Sina. Vile visahani vitatu vilikuwaje?"

Sekela aliitazama ile sahihi yake ya Machi. Simu ilitetemeka mezani: mama alikuwa anapiga tena. Hakuigusa. Iliacha yenyewe baada ya milio saba.

"Vilivunjika, Mama," alisema.

"Vyote vitatu?"

"Trei iliniteleza. Vyote vitatu."

Nyamizi alitikisa kichwa kukubali. Alichukua rula, akailaza chini ya mstari wa kwanza wa taarifa. Katika maabara hiyo kosa halisuguliwi wala halifunikwi kwa wino. Hupigwa mstari mmoja wa katikati, ili yeyote atakayekuja aweze kulisoma. Alipiga mistari minne, mmoja kwa kila mstari wa maandishi. Pembeni aliandika: "Imefutwa. Haikuthibitishwa. Saa 10:48. N.K." Kisha akamgeuzia Sekela daftari, akampa kalamu.

Sekela alitia sahihi saa 10:49.

Saa 10:51 Nyamizi alitia sahihi ya kuachia mzigo kwenye ukurasa uliofuata. Saa 11:04 jioni lori la kwanza lilipita getini, na la pili na la tatu yakafuata.